Diski ya Shangazi

Shangazi yangu huandika kwenye kundi la familia kwa sababu mbili tu: mtu amefariki, au mtu hakumsalimia. Kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye simu zetu Jumatatu asubuhi, kila mmoja alianza kujiuliza ni nani aliyekuwa mgonjwa. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu: "Kompyuta yangu inagongagonga ndani kama mtu anayetaka kufunguliwa. Jumamosi nampa yule mtu wa vyuma chakavu. Siku njema."

Ilipofika saa sita mchana, familia nzima ilikuwa sebuleni kwake. Watu ambao hawakuonekana alipolazwa hospitali, wala alipoteguka mguu, wala paa lilipovuja. Watu ambao mwaka mzima huwa "njiani wanakuja", siku hiyo walifika. Kaka yangu alikuwa ameacha duka lake la samani bila mtu. Baba Mdogo alikuja na malapa ya bafuni. Nilikaa pembeni nikatafakari mapenzi ya familia yangu kwa kompyuta kuukuu, nikaguswa sana.

Niwaeleze. Kabla ya kustaafu, Shangazi alikuwa karani wa mahakama. Maisha yake yote aliandika maneno ya watu wanaolia bila yeye kupepesa jicho, na alipostaafu akaihamishia mahakama sebuleni kwake. Mtu akigombana na mkewe, ndugu wakinuniana, kesi inapelekwa kwa Shangazi. Anafunga mlango na kusikiliza upande mmoja mmoja: kwanza mlalamikaji, halafu siku nyingine mlalamikiwa. Juu ya meza, karibu na bakuli la karanga, kunakuwa na kinasa sauti kidogo chenye taa nyekundu. "Kwa kumbukumbu za kikao," husema. "Haya hayatoki kwenye sebule hii." Na kweli hayakutoka. Yaliingia kwenye kompyuta, yakapangwa kwenye folda, yakafunikwa na kitambaa cha kufuma ili yasipate vumbi.

Kwa ufupi, kila jambo baya ambalo mtu wa ukoo wetu aliwahi kulisema juu ya mtu mwingine wa ukoo wetu, kwa sauti yake mwenyewe, lilikuwa ndani ya kile kisanduku. Na kisanduku kilikuwa kinakwenda kwa muuza vyuma.

"Sasa tatizo liko wapi?" kaka aliuliza, akijifuta jasho ndani ya chumba chenye feni. "Si unafuta tu? Unabonyeza futa, unamwaga lile pipa la taka, kwisha."

Alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu wa kompyuta wa familia. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za maktaba ya chuo. Kwa ndugu zangu, maana yake ni kwamba naweza pia kutengeneza redio, friji, na simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji.

Nikamweleza kwamba kufuta namna hiyo ni kung'oa kibao cha jina mlangoni: mwenye nyumba bado yumo ndani. Ili vitu vifutike kweli, lazima diski nzima iandikwe upya, sifuri tupu juu ya kila kilichokuwapo. Na hii ilikuwa diski inayokufa. Diski inayokufa ina ukaidi wake. Kuna sehemu haikubali tena kuandikwa, na mtu mwenye ujuzi na subira anaweza kuyatoa yaliyobaki humo.

"Tuichemshe," Baba Mdogo alishauri.

"Baba Mdogo, si mayai."

"Basi tuizike."

"Ili tuweke na msalaba?" Shangazi akauliza. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ametulia, anaangalia umati wake. Nadhani ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote tangu astaafu.

Tukakubaliana hivi. Mimi ningeitoa diski, niende nayo nyumbani, nifute kinachofutika. Halafu Jumamosi tungekutana kwenye uwanja wa Shangazi, na mbele ya macho ya wote, diski itobolewe kwa drili mpaka zile sahani za ndani ziwe chujio.

"Na usisikilize," kaka akasema.

"Sitasikiliza."

"Apa."

Nikaapa. Shangazi akanishika mkono wakati naapa, akaangalia kama nimesimama wima. Wote wakaridhika. Familia yangu haina imani na mtu yeyote, lakini ina imani kubwa na viapo.

Kuanzia jioni hiyo simu yangu haikupoa. Hadharani wote walisema futa kabisa. Faraghani, kumbe, kila mmoja alikuwa na ombi dogo. Baba Mdogo alinipigia kutoka bafuni, nasikia maji yanamwagika, akataka nimkopie tu yale aliyosema kaka juu yake alipokuwa akijitetea, "si kwa ubaya, nataka kujirekebisha." Kaka alinifuata mpaka kazini, akasimama kati ya rafu za vitabu na kunong'ona kama mtu anayeuza magendo. Alitaka yake ifutwe ya kwanza kabla ya zote. "Niliyosema juu ya wifi yako," akasema, "yalikuwa ya hasira. Akiyasikia, mdogo wangu, nimekwisha. Utanizika." Nikamwambia diski haifutwi kwa foleni. Akaniuliza kama ninaweza kuitoboa kidogo tu upande wake. Akaniahidi kabati la nguo.

Watu wawili hawakuomba chochote. Wa kwanza ni wifi mwenyewe, mke wa kaka. Yeye siku ile sebuleni alimaliza bakuli zima la karanga, akaangalia watu wanavyotoka jasho, akacheka peke yake. Nikafikiri maskini, hajui aliyosemwa.

Wa pili alikuwa mume wangu.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva, na ukoo wote humwita Mwalimu. Kazi yake ni kukaa kando ya watu wanaotaka kumuua bila kukusudia, na kuwaambia kwa upole, "Sasa toa mguu." Ni mtu mkimya. Mimi nikipandisha sauti nyumbani, yeye hapandishi yake. Mguu wake wa kulia tu ndio unaokandamiza sakafu, unatafuta breki. Jumatatu ile sebuleni, wenzake wakizozana, alikaa kimya. Wala siku zilizofuata hakuniuliza diski imefikia wapi. Haya, niambieni: mtu asiye na la kuficha si angeuliza?

Maana yeye pia alikuwamo humo. Yeye na mimi.

Miaka sita iliyopita tulitengana kwa muda. Alichukua begi akaenda kukaa kwa rafiki yake, mimi nikabaki na nyumba na hasira. Nilikwenda kwa Shangazi kama mlalamikaji. Nilisema machache, ya msingi, kwa utulivu. Baada ya siku chache akaitwa yeye. Jioni ile Shangazi akanipigia simu na maswali yake ya kizee: kama nimekula, kama mvua imenyesha kwetu, kama kitasa cha mlango wangu ni kile kile. Nikamjibu nimekula, haijanyesha, ni kile kile. Nikafikiri bibi wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Kesho yake mume wangu akaingia, akaweka begi mahali pake pa siku zote, akasema, "Nimerudi." Nikasema, "Naona." Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote ya suluhu, na hatujawahi kuyaongeza.

Kwa hiyo miaka yote hiyo sikujua jambo moja. Alirudi kwa sababu ananitaka, au alirudi kwa sababu Shangazi alimhukumu arudi? Msinicheke. Mnaweza kulala na swali kama hilo kitanda kimoja na likazoea, lakini haliondoki. Na tangu arudi, amekuwa mume mwema kwa namna ya kutia shaka. Zamani alikuwa akitia sukari kwenye chai niliyompikia kabla ya kuionja, vijiko viwili, hata nikiwa nimeshatia. Sasa anaonja kwanza, anatazama juu kidogo kama anayesikiliza injini, anasema, "Iko sawa." Kila siku ya Mungu. Mtu mzima habadiliki hivyo bila kulazimishwa. Nilimwona kama mfungwa aliyeachiwa kwa masharti, anayaripoti masharti yake kwangu kila asubuhi, na kila asubuhi nikamnunia kidogo.

Jibu lilikuwa kwenye ile diski. Alichosema kuhusu mimi, siku ile, mlango umefungwa, akidhani anasikilizwa na Shangazi peke yake. Na diski ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imefungwa kwa taulo la jikoni.

Ijumaa mchana nilitoka kazini mapema. Mwalimu alikuwa barabarani na wanafunzi wake. Nikaweka diski juu ya meza ya kulia, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa waya. Ikazunguka, ikagonga mara kadhaa, ikanyamaza, ikagonga tena, kisha ikajitokeza kwenye kioo. Kazi niliyotumwa ilikuwa kuwasha programu ya kufutia papo hapo. Lakini mimi ni mtaalamu, na mtaalamu hafuti kitu bila kukikagua kwanza. Nikafungua folda, kwa sababu za kitaalamu kabisa.

Zilikuwa zimepangwa kama masjala: mwaka, shauri, mlalamikaji, mlalamikiwa. Ya kaka niliiona, nikaipita. Ya Baba Mdogo, nikaipita. Nilikuwa nimeapa kutosikiliza ya watu. Mume wangu si watu.

Nikabonyeza faili lake. Diski ikafikiri, ikagonga, nami nikabana pumzi kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kisha sebule ya Shangazi ikatokea ndani ya spika: saa ya ukutani, kiti, karanga zikisogezwa.

"Kikao kimeanza," sauti ya Shangazi ikasema. "Mwalimu, karibu karanga."

"Asante, Shangazi."

"Kabla hujasema lolote, utasikia kwanza shauri lililoletwa dhidi yako. Usimkatize."

Nikajiuliza asimkatize nani, wakati wako wawili tu. Kikabonyezwa kitufe cha kompyuta. Na hapo, ndani ya faili la mume wangu, akaanza kuongea mwanamke mmoja mwenye sauti nyembamba, ya haraka, ya kuvuta maneno mwishoni kama anayelipwa kwa kila malalamiko. Sikumpenda. Kabla sijajua ni nani, nilikuwa nimeshamhurumia mtu anayeishi naye.

Alikuwa mimi.

Shangazi alikuwa amemchezea kikao changu. Chote. Yale machache, ya msingi, kwa utulivu. Nilianza na sukari, na sukari peke yake ilichukua muda ambao watu wengine wanautumia kuzika mtu. Nikaenda kwenye mguu wake unaotafuta breki. Nikasema kuishi naye ni kuishi na kabati: limesimama, limejaa, halisemi. Nikaiga anavyokohoa, na nikaiga vizuri, mpaka Shangazi akacheka kidogo. Kisha yule mwanamke akateremsha sauti na kusema, "Shangazi, nikwambie ukweli? Huyu wala sikumchagua. Yule niliyemtaka alioa mwingine. Huyu ndiye aliyekuwa amebaki." Halafu akacheka.

Haikuwa kweli. Nawaambia haikuwa kweli wakati ule na si kweli sasa. Nilitaka tu kesi yangu iwe nzito. Lakini ile sauti haikusema kwamba inatia chumvi. Ilisema na kucheka, na mume wangu alikuwa ameketi pale mbele ya karanga, anasikiliza, amekatazwa kukatiza. Nilitamani kuingia chini ya meza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Sauti ile ikazimwa. Sebule ikarudi na ile saa yake. Saa iligonga, diski ikagonga, nami sikujua mlio upi ni wa zamani na upi wa sasa.

"Umesikia," Shangazi akasema. "Una la kujibu?"

Kiti kikalia. "Ya sukari ni kweli," akasema mume wangu.

"Na mengine?"

"Mengine..." Akakohoa, vile vile nilivyomwiga. "Shangazi, mimi kutwa nakaa na watu wanaopiga kelele. Hao hawanisumbui. Anayepiga kelele bado anataka kufika. Anayenitisha ni yule anayezima gari, anafungua mlango, anashuka bila neno."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Mpigie simu. Usimwambie kwamba nimesikia. Muulize tu kama..."

Diski ikagonga kwa nguvu, ikakwaruza, ikazimika. Kioo kikaniandikia kwa adabu kwamba kifaa hakionekani.

Muulize kama nini? Nilitikisa waya. Niliipulizia diski. Niliitukana, kwa maneno ambayo hayafundishwi kwenye masomo ya kompyuta. Nikaenda jikoni nikanywa maji nimesimama, na glasi ikiwa bado mdomoni nikaikumbuka ile simu. Kama nimekula. Kama mvua imenyesha. Kama kitasa ni kile kile.

Ni kile kile, nilimjibu. Na kesho yake ufunguo wake ukazunguka mlangoni.

Hakuna aliyemhukumu arudi. Alisikia yote, hata lile la mwisho, hata kile kicheko, na baada ya kusikia alichotaka kujua ni kama mlango bado unafunguka kwa ufunguo wake. Na miaka sita amekaa nayo. Hajanirushia hata neno moja, hata siku zile nilizostahili. Anaonja chai, anasema iko sawa. Na mimi nilikuwa namnunia. Nililia pale jikoni, kilio kibaya, cha kamasi.

Nilipomaliza nilikumbuka kwamba nina kazi. Nilikuwa nimeiacha diski ipoe. Nilipoichomeka tena ikaamka, dhaifu, na folda zikajitokeza. Ningeweza kulifungua lile faili nisikie sentensi inavyokwisha. Sikulifungua. Niliwasha programu ya kufutia nikaiamuru iandike sifuri. Ikaandika mpaka asilimia tatu, ikagonga, ikagoma. Nikairudia. Ikagoma. Asilimia tisini na saba ya aibu za ukoo wetu ilikuwa bado imo, imekaa imara kuliko diski yenyewe. Ilibaki drili.

Jumamosi nilifika kwa Shangazi kabla ya wengine. Nilimkuta jikoni anakaanga karanga, kwa kuwa kikao ni kikao.

"Shangazi," nikamwambia, "ulimchezea Mwalimu sauti yangu."

Hakugeuka. "Kumbe uliapa kwa mkono upi?"

"Shangazi!"

"Mtu ana haki ya kusikia anachoshtakiwa. Hiyo ni sheria. Nimeifanyia kazi kabla hujajua kufunga viatu."

"Uliniambia hayatatoka kwenye sebule."

"Hayakutoka. Yeye ndiye aliyeingia." Akazitikisa karanga kwenye kikaango. "Na nikamwambia, ukivuka mlango huu hujasikia kitu. Wote nawaambia hivyo."

"Wote?" Nikamtazama. "Shangazi, unafanya hivi kwa kila kesi?"

"Unataka niwe na sheria moja kwako na nyingine kwa wenzako?"

Nikakaa kwenye kigoda. Kila mlalamikiwa katika ukoo huu, basi, alikuwa ameshasikia. Watu walikuwa wametoka jasho wiki nzima wakiwaficha maneno wale wale walioyasikia miaka mingi iliyopita, wakayameza, wakarudi nyumbani kupika. Nikafikiria wifi na bakuli lake la karanga. Nikafikiria kabati la nguo nililoahidiwa, nikaona heri ningelichukua.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini ukijua?" Shangazi akaniangalia sasa, macho yale ya mahakamani. "Ungemwomba msamaha, mngelia, halafu mngegombana upya juu ya nani alilia zaidi. Nakujua. Leta bakuli."

Walipofika wote tukatoka uwanjani. Kaka alikuja na drili ya dukani kwake na jiliwa ya kubania mbao. Akaibana diski juu ya gogo, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alitaka kutoboa yeye, kwa kuwa drili ni yake na dhambi ni zake, lakini tundu la kwanza likaenda kwenye gogo.

"Mpe Mwalimu," Shangazi akaamuru. "Yeye amezoea hatari."

Mume wangu akavaa miwani ya kazi ya kaka, akaichukua drili, akainama juu ya diski. Nikaenda kusimama upande wake kuishikilia, ingawa jiliwa ilikuwa inatosha. Wengine walikuwa wamerudi nyuma wakiogopa vipande.

"Ilifutika?" akaniuliza, chini chini.

"Asilimia tatu."

Akatikisa kichwa. Hakuinua macho. "Uliifungua?"

Ningeweza kusema hapana. Familia nzima ilikuwa imenisikia nikiapa. "Niliifungua," nikasema. "Nilitaka kukusikia wewe. Nikajisikia mimi."

Drili ikashuka kidogo. Niliuona mguu wake wa kulia ukikandamiza ardhi. Nyuma yetu Baba Mdogo alikuwa anauliza mbona hatuanzi, kwani tunangoja mgeni rasmi?

Nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu jana, ndefu, yenye msamaha mwanzoni, katikati na mwishoni. Nilimtazama, na miwani ile kubwa ya seremala usoni, hotuba yote ikanipotea.

"Ya sukari ni kweli," nikamwambia. "Mengine futa."

Akaniangalia. Kisha akabonyeza. Drili ikapiga kelele, chuma kikatoa moshi mwembamba, na sahani ya kwanza ikapasuka ndani kwa mlio wa kikombe kilichoanguka jikoni kwa jirani. Akatoboa tena, na tena, taratibu, akibadilisha mahali, mpaka diski ikawa chujio kama tulivyopatana. Kaka akaitoa kwenye jiliwa akaitikisa sikioni. Vipande vikacheza ndani. Nilimwona akishusha mabega, uso umepona, mtu mpya kabisa, akamkumbatia mkewe mbele ya watu.

Wifi akamalizia kutafuna. "Hata hivyo, mume wangu," akamwambia kwa upole, "sikoromi kiasi kile."

Kaka aliganda na mkono hewani. Sikubaki kutazama. Yule mtu wa vyuma alikuwa ameshafika langoni na mkokoteni wake, nikampelekea kile kisanduku kitupu na ile diski juu yake, akauliza kama inafanya kazi, nikamwambia ilifanya kazi yake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nikapika chai, nikatia sukari kama kawaida yangu, nikamwekea kikombe mbele. Akakiangalia. Akavuta bakuli la sukari, akatia kijiko kimoja, akanitazama, akatia cha pili, akakoroga, ndipo akaonja.

Nilikasirika kweli kweli, kama zamani. Nikakaa nikanywa yangu.